Damu Iliyochelewa Kuganda

Gego langu lilianza kuniuma wakati wa kupalilia ulezi. Kwa kuwa sikuwa nimeugua kitu cha maana tangu ile njaa iliyofuata vita, nilijiona nina haki ya kulalamika, nikalalamika kwa moyo wote. Nililalamika shambani na jikoni, na hata mbele ya wateja waliokuja kunywa pombe ya mama uani kwetu Majengo, Songea, mpaka askari mmoja akasema heri arudi kambini na kiu yake kuliko kuendelea kusikia habari za jino langu. Mama alipoona biashara inaharibika, alinishika mkono akanipeleka kwa mhunzi.

Siku hizo mhunzi ndiye aliyekuwa akitung'oa meno, kwa sababu ndiye aliyekuwa na koleo. Alikuwa mtu mpole mwenye mikono mikubwa. Alilifuta koleo kwenye suruali yake, akaniambia nifunue kinywa, na kabla sijajua kama nimekubali au la, jino lilikuwa nje. Akaliinua juu juani akasifu mizizi yake kana kwamba amelifua mwenyewe.

"Tema mate," akasema, "ukasukutue kwa maji ya chumvi. Kesho utatafuna mifupa."

Kesho yake sikutafuna mifupa. Damu ilikuwa bado inatoka. Haikutoka kwa nguvu, ilitoka taratibu tu, kama mtungi wenye ufa mdogo. Mama alijaza lile tundu kwa jivu, kisha majani aliyoyaponda, kisha kitambaa alichonifanya nikiume mpaka taya likafa ganzi. Damu ikatulia kidogo, nikicheka inaanza upya. Nami nilikuwa mtu wa kucheka.

Ukweli ni kwamba tulikuwa tunajua, ila hatukuwahi kukaa chini tukalisema. Tangu utotoni pua yangu ilikuwa ikitoka damu bila kupigwa na mtu. Nikijigonga mahali pananivilia damu, na alama nyeusi inakaa mpaka nasahau nilijigonga na nini. Siku zangu za mwezi nazo zilikuwa ndefu, lakini nilidhani kila mwanamke yuko hivyo na kila mmoja anaficha kama mimi. Safari hii mama aliniangalia nilivyopauka midomo, akasema, "Twende boma, kwa daktari."

Mama hakuwa amekanyaga boma tangu vita. Pale ndipo Wajerumani walipowanyonga wazee wetu, na tangu siku ile, akitaka kwenda upande wa pili wa mji, alikuwa akizunguka mbali ili asipite mbele yake. Asubuhi ile hakuzunguka. Alijifunga nguo yake vizuri, akaweka mkono begani kwangu, tukapita langoni. Nilihisi mkono wake ukizidi kuwa mzito.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani na pua iliyobabuka kwa jua. Pembeni yake alikaa mkalimani, mtu wa pwani, kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono. Mkalimani alipenda kusalimiwa. Mama, aliyejua Kiswahili cha kuuzia pombe tu, alianza moja kwa moja kueleza habari za jino, na yule bwana akainua kiganja kumkatiza, akangoja.

"Shikamoo," nikasema mimi haraka.

"Marahaba, mwanangu," akajibu kwa furaha. "Haya, jino limefanyaje?"

Daktari alinitoboa kidole kwa sindano. Akachukua tone moja akalipaka kwenye kipande cha kioo, akalichungulia kwa chombo chake cha shaba. Halafu akatoa saa mfukoni akaanza kuangalia kidole changu. Anafuta, anaangalia saa, anafuta tena. Tulikaa hivyo mpaka nikaanza kumwonea huruma. Kidole kiliendelea kutoa damu kama vile hakijui kwamba kinatazamwa na mkubwa.

Mwishowe akazungumza. Alizungumza muda mrefu, na mkalimani akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Anasema damu yako inachelewa kuganda," mkalimani akatueleza. "Ulizaliwa nayo hivyo. Hukurogwa, wala hukula kitu kibaya. Dawa ya kuigeuza hana."

"Atakufa?" mama akauliza.

Swali likapelekwa. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema mengi kuliko mwanzo. Alinyoosha mkono kuelekea dirishani, akanionyesha mimi, akaonyesha tumbo langu, akakuna shingo, akaendelea. Mama alikuwa ameshika pindo la nguo yake kwa mikono miwili.

"Anasema hajui," akasema mkalimani.

Mama akamtazama. "Maneno yote yale?"

"Mengine alikuwa akieleza namna asivyojua."

Kisha, nadhani kwa kutuonea huruma, akatufafanulia vizuri. Naweza kuzeeka kama watu wengine. Naweza pia nisizeeke. Nijihadhari na visu, nisimpe mhunzi jino lingine, na siku nikipata mimba nije mapema aone, kwa sababu katika kuzaa ndipo damu kama yangu inaweza kukataa kusimama. Inaweza, si lazima. Daktari alinipa unga mweupe wa kusukutulia na pamba ya kushindilia kwenye tundu la jino, na ule unga, lazima niseme, ulisaidia. Siku chache baadaye nilikuwa natafuna.

Lakini siku ile ya boma nililia njia nzima. Mama alitembea mbele yangu, na nikaanza kukasirika kwa sababu mgongo wake haukuonekana kuwa na huzuni. Tulipofika kwenye kijito akakaa juu ya jiwe, akatia miguu majini, akaniambia nikae.

"Unalia nini?"

"Umesikia mwenyewe. Hajui!"

"Nimesikia. Nami nimefurahi."

Nikadhani boma limemvuruga akili.

"Baba yako," akasema, "alipokwenda kunyunyiziwa yale maji ya vita, alirudi nyumbani anacheka. Yule mganga alikuwa anajua. Aliwaambia risasi zitayeyuka, hakusema labda. Nilimwuliza baba yako, ana hakika? Akasema, hakika kabisa. Alikula ugali wangu, akaondoka akiimba." Akazungusha miguu majini. "Sasa leo nimekutana na mtu amesoma mpaka macho yameharibika, nimemwuliza habari za mtoto wangu, akasema hajui. Mtu wa hivyo naweza kumwamini kidogo."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema habari za baba kwa maneno mengi kiasi hicho. Nilikuwa binti wa kuchota maji wakati ule, na nilichokumbuka ni wimbo wake ukipotelea njiani tu. Tukakaa pale mpaka miguu yetu ikapata baridi. Kisha mama akakumbuka kimea chake kiko juani na kuku wapo, tukaondoka mbio.

Miezi ya kwanza nilikuwa mwangalifu hadi nikachekesha. Nilitembea kama mtu aliyebeba mayai. Sikukata boga, sikupasua kuni, sikumchana nywele mtoto mwenye fujo. Kila asubuhi nilipopiga mswaki nilitema mate kwenye kiganja nikayachunguza. Majirani nao walinisaidia kuogopa. Mmoja aliniambia nile maini, mwingine akanikataza maini. Jirani yetu Mwislamu, mke wa mfanyabiashara kutoka Tunduru, ndiye pekee ambaye hakunipa shauri lolote. Alikuwa akija na korosho zilizokaangwa, anakaa nami kwenye mkeka, anasema "Mungu ni mwema," kisha anaanza umbea. Nilimpenda sana yule mama.

Ulipoiva ulezi, mama akasema nibaki kivulini. Ulezi wetu tunauvuna kwa kisu kidogo, suke kwa suke. Nilikaa chini ya kibanda nikawatazama wenzangu wakienda kwa mstari, wanaimba, wanasengenyana, wanacheka kitu ambacho mimi sikukisikia. Wakifika karibu wananyamaza na kunitazama kwa upole. Huo upole ndio ulionishinda. Siku ya pili niliinuka, nikachukua kisu kwenye kapu, nikaingia kwenye mstari.

Nilijikata kidole hata kabla jua halijapanda. Mstari mzima ukasimama. Mama akaja anakimbia huku ameshika kifua.

"Nilikwambia nini?"

"Nifunge kitambaa," nikasema, "ukaze."

Akafunga, akakaza kwa hasira hata kidole kikageuka rangi. Nikakaa nimeinua mkono juu kama mtu anayeapa. Damu ilipenya kitambaa cha kwanza, ikapenya cha pili, na mchana ikachoka. Nikaomba uji, nikanywa, nikarudi mstarini nikitumia mkono wa kushoto, na mtu akaanza kusema vibaya juu ya mume wa mtu, na wakati huu nilisikia yote.

Mrina asali mmoja alitokea msimu uliofuata. Alikuwa mtu wa Madaba, akija Songea na mabonge ya nta kuliuzia duka la Mhindi, na akishauza alipitia kwetu kunywa. Mara ya kwanza nilipomwona jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa na shavu limejaa. Nilidhani amepigana.

"Nyuki," akasema kabla sijauliza. "Lakini ungeona nyuki wenyewe walivyo."

Nilimletea maji ya kunawa uso. Alinishukuru kwa jicho lililobaki. Mara ya pili alikuja na macho yote mawili na kibuyu cha asali, akampa mama. Mara ya tatu mama akaniambia, "Huyu mtu nta yake imekwisha tangu juzi. Sijui anauza nini tena mjini."

Aliponiambia anachotaka, nilikuwa nachuja pombe. Niliweka kichujio chini nikamweleza yote: jino, boma, daktari, na yale ya kuzaa. Sikupunguza, nikamwuliza kama haogopi. Nilitaka aondoke mapema kama ni wa kuondoka.

Akafikiri. Hakuwa mwepesi wa kusema.

"Mimi napanda miti," akasema. "Juu kabisa, na moto mkononi, na nyuki wananila masikio. Kila nikipanda sijui kama nitashuka kwa miguu au kwa mgongo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui kwa nini unaniuliza mimi kama naogopa."

"Unaogopa au huogopi?"

"Naogopa sana," akasema. "Lakini asali naipenda."

Nilicheka mpaka nikalazimika kushika pua nisije nikaharibu pombe ya watu.

Mama yake alikuja kutoka Madaba kunikagua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Baada ya salamu ndefu alinishika mkono, akaugeuza, akaona zile alama nyeusi.

"Nani anampiga huyu mtoto?" akamwuliza mama kwa ukali.

Mama akaeleza. Mama mkwe akasikiliza, akanigeuza mkono wa pili, akahakikisha.

"Ala! Sasa mwanangu akimshika mkono tu, si watu watasema anampiga?"

"Watasema," mama akakubali.

"Basi mimi nitawajibu," akasema mama mkwe, na hilo likawa limekwisha. Alikuwa mtu wa kutimiza neno. Kule Madaba alitangaza habari za damu yangu kwenye kila kisima kabla hata sijafika, nikakuta wanawake wananisogezea mizigo myepesi bila kuniuliza.

Maisha ya Madaba yalikuwa mazuri, baridi kali na maharage mengi. Halafu nikapata mimba, na ule woga niliodhani nimeuacha Majengo ukanifuata. Mume wangu ulimpata vibaya kuliko mimi. Alianza kuniamsha alfajiri kuniuliza kama niko salama, nami nilikuwa salama mpaka aliponiamsha. Tukashuka Songea kama tulivyokuwa tumeagizwa.

Daktari wetu kijana alikuwa amekwisha ondoka. Alikuwapo mwingine, mzee, mwenye masharubu mazito. Mkalimani alikuwa yuleyule, ameongeza mvi na tumbo, na safari hii tulimsalimia sote watatu, mama, mume wangu na mimi, kabla ya jambo lolote. Daktari mpya alinipima, akaguna, akasema maneno kama manne.

"Huyu naye hajui," mkalimani akasema, "isipokuwa yeye anasema kwa ufupi."

Alishauri nisizalie mbali, basi. Kwa hiyo nilikaa kwa mama mwezi wangu wa mwisho, boma likiwa karibu, na shangazi yangu, dada yake baba, akiwa Msamala, si mbali, ambako alikuwa mkunga. Shangazi alikuja kunishika tumbo. Nilimwomba aniambie kwamba yote yatakuwa sawa.

"Nimezalisha wanawake wengi," akasema. "Mwenye damu kama yako sijamzalisha. Tutaona wote, mwanangu. Lakini sitatoka chumbani, hilo nakuahidi."

Uchungu ulinishika asubuhi ya mvua. Mama alimtuma mtu bomani, akarudi na habari kwamba daktari yuko safarini kuelekea mto Ruvuma. Basi tukabaki sisi. Mume wangu alikuwa akizunguka nyumba akichungulia kila tundu, hata shangazi akamwambia mama, "Mpe kazi yule kabla sijamtoa jicho." Mama akampa shoka apasue kuni chini ya upenu.

Mtoto alikuja kabla ya mchana, msichana, analia kwa hasira. Halafu ikaja ile sehemu tuliyokuwa tukiingoja miaka yote. Damu ilishuka. Shangazi alikandamiza tumbo langu kwa ngumi, akalisugua bila huruma, akaniwekea mtoto kwenye titi, akasugua tena. Mama alikuwa akichukua vitambaa na kuleta vingine. Aliniangalia usoni tu, hakuangalia vitambaa. Nilisikia mvua na shoka. Nikasikia na baridi, nikaanza kwenda mbali kidogo, sauti zao zikawa kama za watu walioko shamba la pili.

"Usilale," shangazi akasema. "Nisimulie kitu."

"Kitu gani?"

"Chochote. Nisimulie huyo mumeo alivyokuposa."

Nikamsimulia habari za nyuki na asali, kwa vipande vipande, na nilipofika mahali pa kuogopa sana akacheka, mkono wake bado uko tumboni kwangu. Mama naye akacheka, kisha akageuka ukutani. Kitambaa kilichofuata kilikuwa na damu kidogo. Kingine kikawa na kidogo zaidi. Hakuna aliyesema kitu, tuliogopa kuishtua. Mwishowe shangazi akajinyoosha mgongo, ukalia kama kuni kavu, akaomba uji. Aliunywa wote, akalala palepale sakafuni na mdomo wazi.

Mama alitoka nje kumpa mume wangu habari. Nikasikia sauti ya mama ikipanda juu.

"Wewe! Umepasua na kigoda changu!"

Alikuwa amemaliza kuni zote, na mikono yake haikujua namna ya kusimama. Alikuwa amepasua kigoda ambacho mama alikuwa akikalia akipika pombe tangu kabla ya vita, akakipanga vizuri pamoja na kuni nyingine. Baadaye alimchongea kipya, kirefu mno, na mama akakikalia miaka mingi miguu yake ikiwa haigusi chini.

Hatukuamini kwa siku nyingi. Kila nikisimama, watu watatu walisimama nami. Mkalimani alikuja mwenyewe na sukari iliyofungwa katika karatasi, akasema daktari amerudi anauliza hali ya yule mwanamke, amjibu nini?

"Mwambie yuko uani," mama akasema, "anaanika ulezi na hataki kuambiwa apumzike."

Nilizaa wengine baada ya huyo, na sikuzoea hata mara moja. Kila mimba ilikuja na woga wake, nasi tulishuka Songea, shangazi akaniahidi ahadi ileile, mume wangu akafichiwa shoka. Kati ya mtoto wa pili na wa tatu Wajerumani wakaanza kupigana na Waingereza, barabara zikajaa wapagazi, na hapakuwa na daktari wa kumwuliza tena.

Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka ya kukimbia ovyo alipoanguka kule Madaba, akapasuka mdomo juu ya jiwe. Nilikuwa napukuchua mahindi na baba yake. Nilimpakata, nikabana mdomo wake kwa pindo la kanga, tukangoja. Alikuwa na pengo moja la mbele na macho yote yako kwa wenzake waliokuwa wakimwita kutoka bondeni. Nilibana, nikaachia, nikaona damu imekuja tena. Nikabana tena. Mume wangu aliacha mahindi. Tulitazamana juu ya kichwa cha mtoto.

Ilichukua muda mrefu, mrefu kuliko ilivyopaswa. Wakati tunangoja nilimweleza kwamba damu yake ni kama yangu, inachelewa, na akiumia asifiche, aje mbio abanwe. Aliitikia kwa kichwa kila nilichosema, kwa haraka, kama mtu anayetaka mazungumzo yaishe.

"Nimeelewa," akasema kupitia kanga. "Sasa naweza kwenda?"

Niliondoa kitambaa, nikatazama. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini umekauka.

"Nenda."

Akashuka bonde mbio kuliko alivyopanda. Baba yake akasimama kumfuata kwa macho.

"Ungemwambia angalau atembee."

"Mwambie wewe," nikasema.

Akafungua kinywa kumwita, akamwona jinsi alivyokuwa amefika mbali, akakaa chini akachukua hindi lingine.